Uso Ndani ya Chuma

Dk. Ardalan Sheykhlu alizigusa nyuso zote sita za kile kipande cha chuma, lakini hakuzigusa kingo zake. Hapo ndipo alipokosea. Alikuwa mtu wa vipimo. Alivisoma kwa miaka mingi, akaviandikia tasnifu, na sasa alivifundisha. Asubuhi ile, karakanani, alipima urefu, upana na kimo, akaweka skwea, kile chuma cha kupimia pembe, juu ya kila uso, akakiinua kipande kuelekea dirishani ili aone kama mwanga unapenya mahali pasipo sawa. Haukupenya popote. Lau angepitisha kidole gumba mara moja tu kwenye ukingo mmojawapo, angehisi ulaini, kama wa sabuni iliyoanza kutumika, na angejua kwamba kipande kile kilitengenezwa kwa mkono. Mashine ya jiwe huacha ukingo unaokata kama wembe. Mkono wa mtu, unaposugua chuma kwa msasa siku nenda siku rudi, huula ukingo pasipo kukusudia. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili katika kitivo kile analijua jambo hilo, kwa kuwa Dk. Sheykhlu mwenyewe ndiye anayelifundisha.

Karakana ilikuwa ya makundi mawili. Asubuhi ilikuwa ya wanafunzi. Baada ya adhuhuri ilikuwa ya wahadhiri, kwa ajili ya utafiti. Neno utafiti lilibeba mizigo mingi. Mhadhiri mmoja alijitengenezea humo kichanja cha kubebea mizigo juu ya gari. Mwingine alileta samova ya mkewe ya kuchemshia chai, iliyokuwa ikivuja. Wanafunzi waliyajua hayo na waliyataja kwa sauti ya chini wanapofagia mabaki ya chuma ambayo si yao. Nyuma kabisa, ndani ya kizimba cha wavu, ilisimama mashine ya jiwe, ile ambayo jiwe lake huzunguka na kulainisha uso wa chuma mpaka uwe kama kioo. Dk. Sheykhlu aliipigania mashine hiyo kwa miaka. Hapakuwa na mwanafunzi aliyeruhusiwa hata kuegemea wavu wake. Funguo za kizimba zilikuwa mbili: mmoja wake yeye, na mwingine wa Fundi Ghodrat, msimamizi wa karakana, mtu mzima aliyekunywa chai kutwa na kipande cha sukari kikiwa kimebanwa shavuni.

Mwanzoni mwa kila muhula, Dk. Sheykhlu alimpa kila mwanafunzi gogo dogo la chuma lenye kutu, tupa, na nafasi kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania chuma mezani. Mashine hairuhusiwi. Kazi ni kukipiga tupa kipande kile mpaka nyuso zake zote ziwe sawa na pembe zake zote ziwe kamili. Ni kazi ya majuma mengi, na lengo lake, kama alivyopenda kueleza kwa upole wake, ni kuufundisha mkono unyenyekevu.

"Na siku mtakaponikabidhi," alimalizia mwaka ule, "nikiuona uso wangu ndani yake, nitatoa ishirini."

Darasa likacheka. Ishirini ndiyo alama ya juu kabisa, na katika karakana ile hapakuwahi kutolewa ishirini. Ulikuwa mzaha aliourithi kwa mwalimu wake mwenyewe. Aliusema kila mwaka, na kila mwaka aliusahau kabla hajafika mlangoni.

Mwanafunzi mmoja hakucheka. Jina lake Yashar Gharadaghi. Alikuja darasani na unga kwenye mikono ya koti, kwa sababu kabla ya mapambazuko alikuwa kwenye tanuri la mikate la mjomba wake, na kwa sababu ya tanuri hilo alikuwa amekwisha anguka mihula miwili. Akianguka tena angeondolewa chuoni. Na kwa sheria ya kule, mwanamume anayeondolewa chuoni huvishwa magwanda ya jeshi kabla msimu haujageuka. Hilo halihitaji kuelezwa kwa kijana yeyote wa Tabriz. Kaka yake Yashar alirudi kutoka milima ya mpakani akiwa ameacha vidole viwili vya mguu kwenye theluji. Yashar mwenyewe alilitania jambo hilo.

"Kaka ana vidole vinane," aliwaambia wenzake, "lakini viatu bado anavaa namba ileile. Jeshi halijamsaidia hata kwenye viatu."

Aliyacheka maneno yake mwenyewe, kisha akairudia tupa. Wenzake walipokwenda kula, alibaki. Walipokwenda nyumbani, aliondoka na kipande mfukoni, akakisugua kwa msasa juu ya kioo cha dirisha kilichovunjika, nyuma ya tanuri, akisubiri unga uumuke.

Katika majuma ya mwisho ya baridi, siku chache kabla ya kukabidhi, Dk. Sheykhlu alifungua kizimba na kukuta mashine yake imetumika. Jiwe lilikuwa limeziba kwa uchafu wa chuma laini, na kwenye kitanda cha sumaku palikuwa na mikwaruzo mirefu. Alisimama pale kama mtu aliyekuta nyayo za matope juu ya zulia la sala.

"Fundi, nani ameingia humu?"

Fundi Ghodrat alihamisha sukari kutoka shavu moja kwenda jingine. "Wanafunzi hawa, Dokta. Ukigeuka tu, wana mikono mirefu."

Kwa hiyo siku ya kukabidhi, Dk. Sheykhlu alipoingia karakanani, tayari alikuwa na mwizi moyoni. Alichokosa ni jina tu.

Vipande vilipangwa juu ya meza ndefu. Vingi vilikuwa kama vilivyo siku zote: vya kijivu, vyenye mikwaruzo ya tupa iliyopishana, vingine vikiwa na mgongo katikati. Kimoja kiling'aa. Alikiinua, na ndani yake akauona uso wake: miwani, ndevu zilizoanza kuwa na mvi kidevuni, na nyuma ya kichwa chake dirisha lenye theluji.

"Hiki cha nani?"

"Changu, Dokta," alisema Yashar. Sauti yake ilikuwa na furaha iliyojificha, kama ya mtu anayesubiri zawadi na hataki ionekane.

Dk. Sheykhlu alikipima. Ndipo alipozigusa nyuso zote sita, na kingo asiziguse.

"Umetumia nini?"

"Tupa, Dokta. Halafu msasa. Halafu…"

"Halafu?"

"Dawa ya meno, Dokta."

Darasa zima lilipasuka. Elshan, kijana wa jiliwa la jirani ambaye hakuwahi kukosa neno, alidakia, "Ndiyo maana kinatabasamu!"

Dk. Sheykhlu naye alitabasamu. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha. "Basi, Mhandisi, nimehangaika bure miaka yote hii," alisema. "Ile mashine ya kizimbani tuiuze, tununue dawa ya meno."

Walicheka tena, sasa kwa ruhusa. Yashar alicheka kidogo pamoja nao, kwa kuwa hakuwa ameelewa. Alipoelewa, uso ulimwishia rangi.

"Dokta, mimi sijagusa mashine."

"Kuna mtu ameigusa."

"Si mimi, wallahi. Tazama mikono yangu." Akafungua viganja mbele ya wote. Vilikuwa na sugu za manjano, malengelenge ya zamani, na moja jipya chini ya kidole cha shahada.

Dk. Sheykhlu aliviangalia kwa heshima, kama alivyoangalia kila ushahidi. "Hii ni mikono ya mwoka mikate," alisema. "Tanuri ndilo lililoiandika."

"Msasa nilimpa mimi, Dokta!"

Aliyesema alikuwa Solmaz, msichana mrefu aliyetumia jiliwa moja na Yashar. Baba yake alipaka magari rangi, na nyumbani kwao msasa ulikuwa mwingi kuliko chumvi. "Nilimpa wa kila namba, mpaka ule laini kama karatasi. Nimemwona akisugua. Hata sahani za kwao anazisugua, mama yake anamlalamikia."

"Umempa msasa, Bibie. Na ufunguo wa kizimba alipewa na nani?"

"Ufunguo gani?"

"Wa moyo!" alisema Elshan, na karakana ikalipuka.

"Elshan, kipande chako kina nundu kama ngamia. Kifunike kwanza, ndipo uongee." Solmaz hakungoja vicheko viishe. "Dokta, wewe mwenyewe ulituambia. Ulisema unataka kuuona uso wako ndani yake."

Dk. Sheykhlu alijaribu kukumbuka, kwa uaminifu, na hakukumbuka. "Nimesema mengi," alijibu. "Sikumbuki kusema mwibe." Kisha akamgeukia msimamizi, aliyesimama kando ya birika. "Fundi, umewahi kumwona huyu kizimbani?"

Fundi Ghodrat alitazama ndani ya glasi yake ya chai. Angeweza kusema hapana, na hapana ingekuwa kweli. "Mimi sikai pale muda wote, Dokta," alisema.

Likawa jibu.

"Mimi si mtu wa kudhulumu," alisema Dk. Sheykhlu, na aliyaamini maneno yake. "Nitakupa nafasi ambayo mwingine asingekupa. Tengeneza tena. Sikwambii nyuso sita. Uso mmoja, hapa, mbele yetu, kabla ya adhana ya adhuhuri. Kama mkono wako ulifanya hiki, utafanya na hicho."

Kila aliyekuwemo alijua kwamba uso mmoja humchukua mtu majuma mawili. Dk. Sheykhlu alijua kuliko wote. Lakini lile wazo lilikwisha kutamkwa, na lilisikika kama haki.

Fundi Ghodrat alileta gogo jipya la chuma, akafungua droo, akachagua tupa. Yashar aliipokea, akaigeuza kwenye mwanga. Katikati ilikuwa imelainika na kung'aa; meno yalikuwa yamekwisha kitambo.

"Dokta, hii imekufa."

Dk. Sheykhlu aliiona. Aliona pia kwamba kuikubali hoja hiyo kungekuwa kuanza kushindwa. "Kile cha kwanza ulikitengeneza katika karakana hii hii, sivyo?"

"Ndiyo, ila si kwa tupa hii."

"Anza, Mhandisi. Muda unakwenda."

Yashar alianza. Alisimama vizuri, mguu wa kushoto mbele, mabega yakifuata mikono, kama alivyofundishwa. Mwanzoni wenzake walihesabu mapigo yake kwa utani na Elshan alimwimbia wimbo wa harusi. Vumbi la chuma lilipoanza kuziba meno machache yaliyobaki, Yashar alinyoosha mkono kuchukua chaki, kwa maana chaki ikipakwa kwenye tupa huzuia vumbi lisigande. Dk. Sheykhlu aliisogeza chaki kwa kidole, polepole, mpaka upande wa pili wa meza.

"Leo dawa ya meno huna?"

Hicho kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote vya asubuhi ile. Baadaye Dk. Sheykhlu alikumbuka kwamba kilimfurahisha.

Jasho lilianza kumdondoka kijana kwenye kidevu. Jasho likigusa chuma kilichopigwa tupa, tupa huteleza. Alifuta kwa mkono wa koti, likadondoka tena, akafuta tena. Lengelenge lilipasuka. Mpini wa mti ukawa mweusi kwanza, kisha mwekundu.

"Dokta, anatoka damu," alisema Solmaz.

"Naona. Sanduku la huduma ya kwanza liko ukutani. Akitaka kuacha, aache."

Hakuacha. Vicheko vilipungua vyenyewe, kama moto usioongezewa kuni, na kwa muda mrefu hapakusikika kitu ila kile kikwaruzo chepesi cha tupa isiyokata. Hakuna aliyetoka nje. Hata Elshan alibaki akichokonoa kucha zake.

Adhana ilisikika kutoka msikiti wa chuo. Yashar aliweka tupa chini. Dk. Sheykhlu alikifungua kipande kwenye jiliwa, akakifuta damu kwa kitambaa, akaweka skwea juu yake na kukiinua dirishani. Uzi wa mwanga ulipita toka ncha hadi ncha. Hakuutazama peke yake. Aligeuka ili darasa zima liuone.

"Kumekucha, Mhandisi," alisema Elshan, lakini kwa sauti ndogo, na waliocheka walikuwa wawili au watatu.

Ikabaki desturi. Katika karakana ile, kipande kilichokwisha sahihishwa hupigwa mchano mmoja wa msumeno usoni, kwa kuwa zamani wanafunzi wa mwaka wa nne waliwauzia wa mwaka wa pili vipande vyao na chuma kilekile kikasahihishwa mara tano. Mchano ni mdogo. Mtu huenda na kipande chake nyumbani, akakiweka kabatini, akawaonyesha wageni.

"Kikate," alisema Dk. Sheykhlu, akimpa Yashar kile kilichong'aa.

"Mchano, Dokta?"

"Chote."

Yashar alikifunga kwenye jiliwa. Kwanza alikunja kitambaa na kukiweka katikati ya meno ya jiliwa na kipande, ili kisikwaruzwe. Solmaz alipoliona hilo, aligeuza uso ukutani. Kisha Yashar akashika msumeno, akakata. Kukata chuma kinene kwa mkono si jambo la mara moja, na alikata mpaka mwisho, taratibu, kwa mstari ulionyooka, kwa sababu hakujua kukata vinginevyo. Nusu moja ilianguka na kugonga saruji. Fundi Ghodrat aliiokota na kuiweka dirishani. Nusu ya pili Yashar aliitia mfukoni, na hakuna aliyemkataza.

Mlangoni aligeuka. Ada ya kule ni kwamba mtu haondoki karakanani bila kumshukuru mwalimu, naye alikuwa kijana aliyelelewa.

"Mikono yako isiume, Dokta," alisema.

"Yako pia," alijibu Dk. Sheykhlu, kama ilivyo ada.

Kamati ya nidhamu iliketi kabla ya sikukuu ya mwaka mpya, ambao kule huanza baridi inapokwisha. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Kitivo, Dk. Mahyar Vosughi, mtu mnene, mchangamfu, mpenda watu. Alizungumza kwa hisia juu ya mali ya umma na juu ya imani ambayo taifa limeiweka kwa vijana. Dk. Sheykhlu alieleza alichokikuta kizimbani na alichokiona kwenye skwea. Fundi Ghodrat hakuitwa. Yashar aliulizwa kama ana la kuongeza, akasema alitumia tupa, msasa na dawa ya meno. Mjumbe mmoja alikohoa ili asicheke. Jina lake likafutwa, na theluji ilipoyeyuka alikuwa amekwisha pewa namba ya jeshi.

Siku ya kumi na tatu ya mwaka mpya, kwa desturi ya kule, hakuna anayebaki nyumbani. Wahadhiri wa kitivo walikutana na familia zao kwenye bustani nje ya mji, chini ya miti ya mlozi iliyoanza kutoa maua, wakatandika mazulia na kuwasha makaa. Fundi Ghodrat alipepea moto kwa kipande cha boksi. Mkuu wa Kitivo, aproni kiunoni, aliibana nyama ya kusaga kwenye vyuma vipana vya mishikaki na kuigeuza kwa fahari.

"Ardalan, njoo! Wewe mtu wa vipimo, nipe hukumu. Shika hiki uone. Si kimenyooka kama reli?"

Dk. Sheykhlu alipokea chuma kisicho na nyama. Kilikuwa bapa, kinang'aa, na ndani ya mng'aro ule mlikuwa na mistari myembamba, sambamba, iliyokwenda moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha. Aliijua mistari ile. Jiwe la mashine halina njia nyingine ya kuandika. Alipitisha kidole gumba ukingoni, pasipo kufikiri, kwa tabia tu ya kazi, na ukingo ukamkata. Tone la damu likatokeza.

"Mkuu, umevitengenezea wapi?"

"Kwako!" Dk. Vosughi alicheka. "Kwenye ile mashine yako ya kizimbani. Ilikuwa wiki ile ya baridi kali, ulikuwa umesafiri kwenda Tehran. Ghodrat alinifungulia. Ghodrat! Si kweli?"

"Kweli, Mkuu," alisema Fundi Ghodrat, asiinue uso kutoka kwenye makaa.

Dk. Sheykhlu alisimama na kile chuma mkononi. Kilichomjia kichwani hakikuwa uso wa kijana. Kwanza alikiona kile kipande: uso wake mwenyewe ndani yake, miwani na ndevu, na hakuna mstari hata mmoja. Mng'aro ule haukuwa na njia iliyonyooka. Ulikuwa wa mkono uliozunguka na kuzunguka.

"Mkuu," alisema. "Yule kijana."

"Kijana gani?"

"Gharadaghi. Tuliyemwondoa."

Mkuu wa Kitivo aligeuza mshikaki, akatafakari. "Aa! Yule wa dawa ya meno." Waliokuwa karibu walicheka. "Sasa unatakaje? Tumwite kutoka kambini tumwambie, samahani bwana, kumbe ilikuwa mishikaki?" Walicheka zaidi, na mke wa mhadhiri mmoja akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. "Kula, ndugu yangu. Nyama inapoa."

Alikula. Ingekuwa utovu wa adabu kukataa.

Chuo kilipofunguliwa, alikwenda karakanani kabla ya wanafunzi. Ile nusu ilikuwa bado dirishani. Fundi Ghodrat aliifanya uzito wa kushikilia kitambaa cha chai kisipeperuke. Dk. Sheykhlu aliichukua, akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye kila ukingo ambao msumeno haukuugusa. Zote zilikuwa laini kama sabuni.

"Kwa nini hukuniambia, Fundi?"

Fundi Ghodrat alimmiminia chai kwanza. "Mkataba wangu unatiwa saini na yeye kila mwaka, Dokta. Ningekwambia, ungefanya nini?"

"Ningemwacha kijana."

"Na jiwe lako? Ungenyamaza juu ya jiwe lako?" Mzee alisukuma kibakuli cha sukari karibu naye. "Wewe hukutafuta ukweli siku ile, Dokta. Ulitafuta mtu."

Dk. Sheykhlu alikwenda ofisini kwa Mkuu wa Kitivo. Alipokewa kwa kukumbatiwa. Dk. Vosughi alimsikiliza mpaka mwisho, hakukasirika, hakukana.

"Kamati inaweza kuketi tena," alisema. "Ni haki yako kuomba. Utasema kwamba ulikosea kupima. Watakuuliza: kama si kijana, basi mashine iliharibiwa na nani? Hapo utajibu wewe, mbele yangu, na mwenyekiti nikiwa mimi." Alitabasamu, kwa huruma ya kweli. "Na unajua jina lako la uprofesa mshiriki linajadiliwa kiangazi hiki. Nakutakia mema, Ardalan. Fikiria mpaka Jumamosi."

Jumamosi ilipofika, siku ya kwanza ya juma la kazi kule, Dk. Sheykhlu aliupita mlango wa Mkuu wa Kitivo mara mbili. Mara ya pili ulikuwa wazi, na Dk. Vosughi alimpungia mkono kutoka kwenye kiti chake. Naye akapunga.

Kwenye ngazi alikutana na Solmaz, aliyebeba ubao wa kuchorea. Msichana alisimama kando ili ampishe, kama inavyopasa.

"Una habari za Gharadaghi?" aliuliza Dk. Sheykhlu.

"Amepangiwa mpakani, Dokta. Kule kule kakake alikoacha vidole." Akauhamishia ubao kwapa la pili. "Mama yake anasema hajapata hata glovu za kumtosha. Mkono mmoja haukunjiki vizuri. Kile kidonda kilioza."

 Mkononi, ndani ya mfuko wa koti, Dk. Sheykhlu alikuwa ameishika ile nusu ya chuma, na kidole chake kilikuwa juu ya ukingo.

"Na mradi wako unaendeleaje?" aliuliza.

Solmaz alimtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. "Unaendelea, Dokta," alisema, akashuka.

Kiangazi kilipokwisha, Dk. Sheykhlu alipata uprofesa mshiriki. Kizimba kilitiwa kufuli jipya lenye funguo tatu, na wa tatu uko kwa Mkuu wa Kitivo. Tangu muhula ule, wanafunzi hawaruhusiwi kuingia karakanani na msasa, vipande hupokelewa vikiwa na mikwaruzo ya tupa, na Dk. Sheykhlu hawaambii tena kwamba anataka kuuona uso wake.